Geji ya mkazo wa mkanda wa taimingi isiyo na kizio: nitaihakiki vipi kabla ya kuifunga kwenye gari la zamani?

#1 Dizeli82

Wakuu, heshima kwenu nyote. Nina Golf ya toleo la kwanza, ya mwaka 1982, yenye injini ya dizeli ya lita 1.6. Marehemu baba aliiacha chini ya mwembe huku Tabata, na tangu mwaka jana nimekuwa nikiirudisha barabarani kidogo kidogo, kwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Sasa kazi imefika kwenye mkanda wa taimingi, na hapo ndipo nilipokwama.

Kitabu cha kiwanda kinaagiza kwamba mkazo upimwe kwa kifaa chao chenye namba VW 210, kikibanwa kwenye mkanda kati ya puli ya kemshafti (shafti inayofungua valvu) na puli ya pampu ya dizeli, na kwamba mshale usome kati ya 12 na 13. Kifaa hicho nimekipata mtaa wa Gerezani, hapa Dar, kwa muuza vyuma chakavu, ambaye nadhani hakujua anauza nini, kwa maana alikiweka kwenye sanduku moja na bawaba za milango. Kina kutu kidogo, mshale unacheza, na springi yake inaonekana nzima. Shida ni kwamba usoni mwake hakuna neno kilo wala newtoni. Kuna namba tu.

Swali langu, basi, ni hili: nitajuaje kwamba 12 ya geji hii ndiyo 12 iliyokusudiwa na waliokiandika kile kitabu? Nauliza kwa sababu injini hii haisamehi. Mkanda ukilegea na kuruka meno, pistoni hukutana na valvu, na silinda hedi nyingine ya aina hii sijui nitaipata wapi. Ukikazwa kupita kiasi nao hulia kama filimbi na kuzila beringi za kila kinachozungushwa nao.

#2 Kijana wa Shekilango

Mkuu, mbona unajitesa? Fundi wangu hupima kwa vidole viwili. Anaushika mkanda katikati, anauzungusha, ukifika robo duara na kugoma, kazi imekwisha. Golf ya mjomba imetembea hivyo miaka mingi.

#3 Fundi Mstaafu

Kijana wa Shekilango, Golf ya mjomba wako bila shaka ni ya petroli. Kipimo cha robo duara kimo kweli katika vitabu, lakini ni cha injini za petroli za ukoo huo, na hupimwa kati ya puli ya kemshafti na puli ya shafti ya kati. Dizeli ni jambo jingine, kwa kuwa mkanda uleule unaizungusha pampu ya dizeli, ambayo hudai nguvu nyingi na kwa mishtuko. Ndiyo maana kiwanda, ambacho kilikubali vidole kwa petroli, kiliagiza geji kwa dizeli. Isitoshe, vidole vya fundi aliyeshika spana kwa miaka thelathini na vidole vya karani havina nguvu sawa.

Sasa nimjibu mwenye uzi. Kabla ya kuihakiki geji ni lazima uelewe inapima nini, kwa sababu haipimi mkazo moja kwa moja. Geji za namna hii huushika mkanda kwa nguzo mbili upande mmoja, kisha pini yenye springi huusukuma mkanda kutoka upande wa pili, katikati ya nguzo hizo, na mshale huonyesha mkanda umekubali kupinda kiasi gani. Mkanda uliokazwa hukataa, uliolegea hukubali. Hesabu yake si ngumu: mkazo ni nguvu ya pini mara umbali kati ya nguzo, ukigawanya kwa mara nne ya kina ulichopinda. Tuseme nguzo zimeachana milimita 100, mkanda umepinda milimita 2, na pini inasukuma kwa newtoni 20; mkazo utakuwa newtoni 250, yaani kama uzito wa kilo 25 na nusu.

Ukiitazama hesabu hiyo utaona maadui wa geji walipo. Springi ikichoka, nguvu ya pini hupungua. Nguzo zikilika, au moja ikipinda kwa sababu geji iliwahi kuangushwa, umbali na kina hubadilika. Pini ikikwama kwa kutu, mshale utasimama popote utakapopenda. Kwa hiyo anza na usafi. Ifungue, isugue kwa petroli na brashi laini, uikaushe, kisha weka mafuta mepesi tone moja tu, usipake grisi, kwa sababu grisi na vumbi la Tabata hufanya udongo wa kujengea. Kisha tafuta kipande cha mkanda wa aina ileile, kitundike, kining'inize uzito unaojulikana, na upime mara kumi. Usitafute ukweli bado. Tafuta kwanza kama geji inakubaliana na nafsi yake.

#4 Dizeli82

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana. Nimefanya kama ulivyoelekeza, na naeleza kwa urefu ili atakayekuja nyuma yangu asirudie makosa.

Niliukata mkanda wa zamani uliotoka kwenye injini, nikaubana ncha zake kati ya vipande vya mbao ngumu na boliti nne kila upande, kisha nikaufunga kwenye boriti ya banda. Kwa uzito nilianza na dumu la maji la lita 20, nikidhani ni kilo 20. Sikuwa sahihi. Dumu linaloitwa la lita 20 likijazwa hadi mdomoni huingiza zaidi ya hizo, plastiki yenyewe ina uzito wake, na ndoano niliyotumia ilikuwa ya chuma kinene. Nikalipeleka dumu zima pamoja na ndoano kwa jirani muuza samaki, ambaye ana mizani ya kuning'iniza yenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, nikaongeza na kupunguza maji mpaka ikasoma kilo 20 kamili. Alinicheka, lakini aliniruhusu.

Kabla ya kuisafisha geji, masomo kumi kwa uzito uleule yalipishana kwa karibu migawanyo miwili, jambo ambalo peke yake linatosha kunitoa nje ya ile nafasi ya 12 hadi 13. Baada ya kuisafisha yalipishana kwa chini ya nusu mgawanyo. Nikagundua pia mambo mawili. La kwanza, ukiongeza uzito taratibu unapata namba moja, na ukipunguza mpaka uzito uleule unapata namba nyingine, iliyo juu kidogo, kwa sababu ya msuguano wa pini. La pili, pini ikigusa mgongoni mwa jino husoma tofauti na ikigusa palipo bonde kati ya meno.

#5 Fundi Mstaafu

Marahaba, umefanya vizuri. Kuhusu la kwanza, pima daima kwa kupanda, kwa kuwa hata kwenye injini unapanda: unaikaza tenshona (puli ya kukazia mkanda) kutoka kwenye ulegevu kuelekea kwenye namba. Ukipitiliza, legeza kabisa uanze upya, usirudi nyuma kidogo ukaridhika. Kuhusu la pili, weka alama ya chaki na upime palepale.

Nakuongezea la tatu ambalo hukulitaja. Geji yenyewe ina uzito, na ukiiachia ikae kwenye mkanda uliotundikwa wima, uzito wake unajumlika na mzigo kwa sehemu iliyo juu yake. Geji ya nusu kilo kwenye mzigo wa kilo 20 ni asilimia mbili na nusu. Ifunge kwa uzi kutoka kwenye boriti ili uzi ubebe uzito wake.

#6 Vernia ya Mbezi

Wakuu, nimefuata uzi huu kwa hamu, kwa sababu nami ninayo VW 210, ambayo niliinunua ikiwa mpya, na imekaa ndani ya boksi lake tangu siku hiyo. Nimefanya jaribio hilohilo kwa kilo 20 zilizopimwa, na tumelinganisha masomo na Dizeli82 kwa ujumbe wa faragha. Geji yangu inasoma chini sana kuliko yake, si kwa nusu mgawanyo, ni kwa mingi. Mmoja wetu ana geji mbovu, na nasikitika kusema kwamba yangu ndiyo mpya.

#7 Dizeli82

Nimevunjika moyo kidogo. Kama ni hivyo, springi yangu imechoka.

#8 Mwanafunzi wa Mlimani

Samahanini wakubwa zangu, naomba kuuliza kabla hamjaitupa geji ya mtu. Vernia ya Mbezi, mkanda wako ulikuwa umekatwa au ulikuwa mzima?

#9 Vernia ya Mbezi

Ni mzima. Niliuvisha kwenye bomba la juu, nikapitisha bomba jingine chini, nikaning'iniza mzigo kwenye bomba la chini. Sikutaka kuukata mkanda mzima bure.

#10 Mwanafunzi wa Mlimani

Basi hapo ndipo tatizo lilipo. Mkanda mzima uliovishwa namna hiyo una pande mbili zinazobeba mzigo mmoja, kwa hiyo kila upande unabeba nusu. Kilo 20 zako zilikuwa kilo 10 machoni pa geji. Tena kwa sababu mabomba hayazunguki, hakuna uhakika kwamba nusu hizo zililingana. Dizeli82 ana upande mmoja tu, na kwake kilo 20 ni kilo 20. Mkilinganisha, tumieni kipande kimoja kilekile, mahali pamoja, mzigo mmoja, na geji mbili kwa zamu.

#11 Fundi Mstaafu

Nimefundisha vijana kwa miaka mingi na jambo hilo lilinipita. Mwanafunzi, una macho.

#12 Pijo la Sinza

Uzi mzuri. Mimi nina Peugeot 405 ambayo kitabu chake kinataja mkazo kwa vizio vya SEEM. Je, naweza kutumia VW 210 nikabadilisha namba kwa hesabu?

#13 Fundi Mstaafu

Hapana. SEEM ni jina la kifaa kilichotumiwa na Wafaransa, na vizio vyake ni vya kifaa hicho, kama vile 12 ya VW ni ya VW 210 peke yake. Hata Porsche 944, ambayo geji yake namba P 9201 huja na kipande chake cha kujihakikia, ina namba zake zisizoingiliana na za mwingine yeyote. Ukiona jedwali mtandaoni linalogeuza kimoja kuwa kingine, kumbuka kwamba upana wa mkanda, unene wake na ukakamavu wake vimo ndani ya namba hizo.

#14 Landrova ya Kigamboni

Na sisi wa Defender, injini ya 300Tdi?

#15 Fundi Mstaafu

Ninyi hamhitaji geji hii. Kitabu chenu hukaza tenshona kwa spana ya toki (inayoonyesha nguvu ya kukaza), ile yenye uso wa saa, kwa hiyo kinachotakiwa kuhakikiwa ni spana. Ibane kwenye jiriwa ikiwa imelala, ning'iniza kilo 3 kwenye mkono ulio umbali wa nusu mita kutoka kwenye mhimili, nayo isome newtoni-mita 14.7, baada ya kuondoa ilichokuwa ikisoma kabla ya kuweka mzigo. Wenye Landrova 109 za zamani wasisumbuke, zile zina mnyororo.

#16 Kijana wa Shekilango

Wakuu, siku hizi kuna programu za simu. Unaugonga mkanda kama uzi wa gitaa, simu inasikia mlio na kukupa mkazo. Kwa nini tuhangaike na madumu?

#17 Mwanafunzi wa Mlimani

Kanuni ni ya kweli, na viwanda vingi hutumia njia hiyo. Mkazo ni mara nne ya uzito wa mita moja ya mkanda, mara urefu wa sehemu inayotetemeka kwa kipeo cha pili, mara mitetemo kwa sekunde kwa kipeo cha pili. Mkanda wenye gramu 100 kwa mita, ukitetemeka kwa urefu wa sentimita 15 chini ya newtoni 300, hulia kwa mitetemo 183 hivi kwa sekunde. Lakini angalieni hivyo vipeo: ukikosea mitetemo kwa asilimia 5, umekosea mkazo kwa asilimia 10, na urefu vilevile. Mkanda mfupi na mkakamavu hausikilizi kanuni ya uzi mwembamba, hulia juu kuliko inavyostahili, na simu itakwambia mkazo ni mkubwa wakati ni mdogo. Halafu, ukishapata newtoni, kitabu cha Golf hakikuambii newtoni. Kinakuambia 12. Mimi ningeitumia simu kama shahidi wa pili.

#18 Vernia ya Mbezi

Jumamosi nilikwenda Tabata na geji yangu. Tumetumia kipande kimoja cha mkanda, uzi wa kubeba geji, alama ya chaki, na mizigo mitatu: kilo 15, 20 na 25. Kila geji ilipima mara kumi kwa kila mzigo. Tofauti ile kubwa imeyeyuka. Imebaki tofauti ya karibu mgawanyo mmoja, na safari hii geji ya Dizeli82 ndiyo inayosoma chini, kwa mizigo yote mitatu karibu sawa.

#19 Dizeli82

Kuna aliyeniomba niweke hapa jedwali la kilo na namba tulizozipata. Nimefikiri na nimekataa, naomba msinielewe vibaya. Namba zile ni za mkanda wangu uliozeeka na kukakamaa, wenye upana wake, na pini ikiwa kwenye alama yangu ya chaki. Mtu akizichukua na kuzitumia kwenye mkanda mpya atakuwa amekaza injini yake kwa mkanda wangu.

Swali lililobaki ni zito zaidi. Geji zetu zinapishana kwa mgawanyo mmoja, na nafasi yote ninayoruhusiwa na kitabu ni mgawanyo mmoja. Nani yuko sahihi? Nilifikiri kuipeleka TBS (Shirika la Viwango), kwenye Maabara ya Ugezi, yaani ya vipimo, pale Ubungo.

#20 Mwanafunzi wa Mlimani

TBS watakusaidia sana kuhakiki mawe ya mizani au mizani yenyewe, lakini hata maabara bora kabisa haiwezi kukuambia kama 12 ni sahihi ikiwa hakuna maandishi yanayosema 12 ni newtoni ngapi, kwa mkanda gani.

Kuna jambo jingine linalofanya jaribio la mzigo lisilingane kabisa na injini, nalo linastahili maelezo. Ukibana geji kwenye mkanda uliotundikwa, mkanda unapinda, mzigo unapanda juu kidogo, na mkazo unabaki uleule, kwa sababu mzigo ni uleule. Kwenye injini puli hazisogei. Pini inapoupinda mkanda, inautafutia urefu ambao haupo, na hivyo geji yenyewe inaongeza mkazo inaoupima. Kwa mfano ule wa mzee, nguzo milimita 100 na kina milimita 2, urefu unaodaiwa ni milimita 0.08, sawa na unene wa unywele, lakini nyuzi za ndani ya mkanda ni za kioo na hazitaki kuvutika. Waliopanga 12 hadi 13 walipanga wakiwa na kifaa hicho juu ya injini, ongezeko hilo likiwa ndani. Kwa hiyo mzigo unaweza kukuambia kama geji ni thabiti, na kama geji mbili zinafanana, na kama geji ya mwaka huu ni ileile ya mwaka jana. Zaidi ya hapo, inatakiwa geji nyingine inayoaminika, juu ya injini ileile.

(Mtakaopenda hesabu kwa ukamilifu: hapa Dar uzito wa kilo moja ni newtoni 9.78, si 9.81 ya vitabuni. Ni pungufu la asilimia 0.3. Msihangaike nalo.)

#21 Fundi Mstaafu

Hayo ni kweli, na nyongeza yangu ni joto. Bloku yenu ni ya chuma, hedi ni ya aluminiamu. Kila sentimita 10 za aluminiamu zikipanda nyuzi joto 60 hurefuka kwa karibu milimita 0.14, chuma karibu nusu ya hapo, na mkanda wa nyuzi za kioo hurefuka kidogo zaidi ya hakuna. Injini ya moto huukaza mkanda yenyewe. Ilaze usiku kucha, upime alfajiri kabla jua la Dar halijaamka.

#22 Dizeli82

Mrejesho, kama ilivyo ada.

Tumepata geji ya tatu kwa mwenye gereji mmoja wa Kinondoni, ambaye hakukubali itoke nje ya uzio wake, kwa hiyo tulimpelekea kipande cha mkanda, mzigo na uzi. Ikakubaliana na ya Mbezi kwa tofauti ndogo isiyozidi robo ya mgawanyo. Mbili dhidi ya moja, na hiyo moja ni ile iliyolala na bawaba za milango.

Jumapili alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, tulifunga mkanda mpya. Ule wa majaribio nimeuweka pembeni kabisa, na namsihi yeyote asiurudishe kwenye injini mkanda uliobanwa, kukunjwa na kuning'inizwa. Pini ya kuzuia pampu na bapa la kuzuia kemshafti visizunguke vikiwa mahali pake, tulikaza tenshona kwa kupanda hadi geji ya Mbezi ikasoma 12.5. Tukachomoa vizuizi vyote, tukaizungusha injini kwa boliti ya krenkishafti mizunguko miwili kamili kwa mwelekeo wake, tukaugonga mkanda mara moja kwa nyundo ya mpira kati ya kemshafti na pampu, tukapima tena. Ilisoma 12. Geji yangu, palepale, dakika ileile, ikasoma 11 na kitu.

Sikuipinda springi wala sikuusogeza mshale, ingawa kishawishi kilikuwepo. Nimebandika karatasi mgongoni mwake: "Ongeza 1. Tazama mkanda wa majaribio." Kipande cha mkanda kimo ndani ya mfuko mweusi, mbali na jua na mafuta, pamoja na karatasi ya masomo ya mizigo mitatu na tarehe, na kabla ya kuitumia geji safari nyingine nitakitundika kwenye boriti ileile. Yule muuza samaki ameshaniuliza dumu langu litarudi lini kwenye mizani yake.